Barua yangu mmeitia siki

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni katibu wa kikoba huku Mbagala, kikundi cha kuweka na kukopeshana cha watu 25, wengi kina mama. Ukatibu nilipewa kwa sababu mbili: nina diploma na nina laptopu. Muhtasari naandika mimi, naenda kuutoa steshenari pale Rangi Tatu, nakala zinagawiwa kwa wanachama, na moja inaenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata.

Kuna mwanachama mmoja, mama wa vitumbua, katuletea barua ya malalamiko. Mwezi wa sita aliyumba kwenye marejesho, mumewe alikuwa anaumwa, kamati ikaenda kwake ikachukua makochi na kabati la vyombo kama dhamana, kama katiba yetu inavyosema. Baadaye ndiyo akaandika. Ukurasa mmoja wa daftari, kwa mkono wake mwenyewe. Elimu yake ni darasa la saba. Kikao kikaamua barua iingie kwenye muhtasari neno kwa neno, asije akasema tumempunguzia.

Chuoni tulifundishwa kwamba nukuu haiguswi. Ukikuta kosa unaliacha palepale, unaweka [sic] baada yake, msomaji ajue si lako. Nikafanya hivyo. Kipande kimoja kilitoka hivi:

"Mimi ni mwanachama tangia [sic] mwaka juzi na sijawai [sic] kuchelewa malejesho [sic] ata [sic] siku moja mpaka mume wangu alipoumwa. Mkopo nimesha lejesha [sic] 35,0000 [sic] na mweka azina [sic] anajua. Naomba kikundi kinirudishie samani [sic] yangu yote maana mlichukua bila kunisikiliza."

Ukurasa mzima zilifika 19. Kamati ilishamjibu: thamani ya hisa hairudishwi katikati ya mzunguko, asubiri tuvunje kikoba na kugawana mwezi wa kumi na mbili kama wenzake. Upande huo sina tatizo.

Tatizo lilianza Jumamosi. Nilichelewa, foleni ya barabara ya Kilwa ilinikalisha masaa mawili, kwahiyo makamu mwenyekiti akaanza kusoma muhtasari bila mimi. Mambo ya Kilatini hayajui. Kila alipofika penye mabano akatamka "siki". Tangia siki mwaka juzi na sijawai siki kuchelewa malejesho siki ata siki siku moja. Watu wakaanza kucheka, kwanza chinichini, mwishowe mweka hazina kashika mbavu. Mama wa vitumbua hakucheka. Nilipoingia alikuwa ameshasimama, karatasi mkononi, akaniuliza mbele ya watu: "Katibu, mimi nimeleta barua, wewe umeitia siki?" Mtu mmoja huko nyuma akadakia: "Ya kachumbari!"

Akaondoka. Jioni binti yake wa kidato cha tatu akamweleza maana ya neno lenyewe, na hapo ndipo mambo yalipoharibika kabisa, maana siki ya kachumbari angeisamehe. Sasa haji kikundini, salamu yangu haipokei, na nikituma mtoto vitumbua anaambiwa vimekwisha, wakati beseni analiona.

Mwenyekiti anasema nimwombe radhi. Nitaomba, lakini niombe radhi ya kosa gani? Ningesahihisha, angesema nimebadilisha barua yake. Ningeacha bila alama, afisa wa kata angedhani katibu ndiye hajui kuandika. Halafu kuna jumbe za sauti alizotuma kwenye grupu la WhatsApp, kikao kinataka nazo niziandike. Huko nako anapotamka "malejesho" niweke [sic]? Nisaidie Mwalimu.

Katibu, Mbagala

Marahaba, katibu.

Nilicheka penye kachumbari. Nikasoma tena, na mara ya pili sikucheka, kwa sababu niliona kitu ambacho nadhani wewe hukukiona, na kamati yako haikukiona. Nitakifikia. Tuanze na siki.

Hiyo "sic" ni neno kamili la Kilatini, maana yake "hivi", "ndivyo". Halifupishi chochote, ndiyo maana haliwekewi nukta. Wale wanaosema ni herufi za mwanzo za maneno fulani ya Kiingereza wamejitungia. Anayeliweka anamwambia msomaji: nimeliona hili, sikuteleza kunakili, ndivyo nilivyolikuta. Na linakaa kwenye mabano mraba kwa sababu mabano mraba katikati ya nukuu ni sauti ya anayenukuu. Ungetumia mabano ya duara, mtu angeweza kudhani mama wa vitumbua mwenyewe ndiye aliyeyaweka. Kwa upande wa umbo, basi, umepatia. Mwalimu wako wa chuo angekupa maksi.

Ila tazama neno hilo linamkinga nani. Linamkinga anayenukuu. Ni mwavuli wako wewe, na umeufungua mara 19 siku ambayo hakuna mvua. Niambie, kati ya watu 25 wa kikundi chenu nani angesoma "sijawai" akashindwa kuelewa? Na huyo afisa wa kata unayemhofia: barua za wananchi za namna hii anapokea kila wiki, anajua wazi nani kaandika nini. Kama bado roho haijatulia, sentensi moja juu ya nukuu ingetosha: "Barua imenakiliwa kama ilivyoandikwa na mwanachama." Kwisha. Sentensi hiyo moja inabeba kazi ya siki zote 19, na makamu angeisoma kwa sauti bila mtu kucheka.

Kuhusu "nukuu haiguswi", nakuelewa, maana ndivyo vyuo vingi vinavyofundisha, na mwongozo wa uandishi wa APA, chama cha wanasaikolojia wa Marekani, ambao wanafunzi wetu wanaushika unasema kosa liachwe na alama iwekwe. Lakini hata hao wenye miongozo hawako nyumba moja. Mwongozo wa uhariri wa Chicago, ambao ulitoka mara ya kwanza 1906 na wahariri wengi duniani wanaufuata mpaka leo, unaruhusu kosa la wazi la uchapaji kwenye maandishi ya siku hizi lirekebishwe kimyakimya, bila alama. Maandishi ya kale na miswada ya mkono ndiyo wanayosema yasiguswe. Na mimi nimekufanyia hivyo hivyo: barua yako niliyoichapa hapo juu nimeigusa mahali 3. Ulikuwa umeandika "mwenyekit" bila i, "kikaomua" badala ya "kikaamua", na "hairudshwi". Vidole vilikimbia, basi. Ningeweka [sic] kila mahali, wasomaji wangeanza kukuhesabia wewe badala ya kulisoma tatizo lako. Ile "kwahiyo" uliyoiunganisha nimeiacha, na "masaa mawili" pia, ingawa wapo watakaokukatalia mpaka kesho kwamba ni saa mbili. Hukujisikia vibaya ulipoisoma barua yako imechapwa, si ndiyo?

Hapo utaniuliza: basi na barua ya mama ningeirekebisha kimya? Hapana, na sababu ni kwamba barua yako ni barua ya gazeti, ya kwake ni ushahidi. Malalamiko yaliyo mbele ya kamati yaachwe yalivyo, uamuzi wenu ulikuwa sahihi. Kuacha jambo lilivyo ni kitu kimoja, kulinyooshea kidole ni kingine.

Halafu "tangia" umeionea. Nenda Kariakoo, nenda Temeke, kaa kwenye daladala yoyote usikie: tangia asubuhi, tangia juzi. Kamusi inapenda "tangu", sawa, mimi mwenyewe naandika "tangu". Lakini neno ambalo nusu ya mji inalisema halipaswi kupigiwa filimbi. Nakwambia haya kwa uchungu wa mtu aliyewahi kuchapwa. Miaka mingi nyuma nikiwa mhariri mdogo kwenye jarida moja, nilinukuu barua ya mzee mmoja wa Unguja aliyeandika "kulla mtu". Nikapachika [sic], nikajiona msomi. Mzee akanijibu kwa mistari miwili: kwamba babu yake aliandika hivyo, na kwamba "kila" yangu ilizaliwa baada ya babu yake kuzikwa. Hilo la mwisho lilikuwa la hasira, "kila" nayo ni ya zamani. Lakini la kwanza lilikuwa kweli. Tahajia moja kwa wote tumeanza kuisimamia baada ya ile kamati ya lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, na BAKITA yetu, Baraza la Kiswahili la Taifa, ni ya 1967. Kabla ya hapo watu waliandika walivyosikia. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, maandishi yake yalichapwa Ujerumani mwaka 1903, na kwenye jalada imeandikwa "Desturi za Wasuaheli". Wasuaheli! Ukinukuu jina hilo leo ukaweka [sic], utakuwa umemsahihisha mtu aliyetuandikia desturi zetu kabla wewe na mimi hatujajua a-e-i-o-u. Na mtu wa Mombasa akiandika "nti", kwake hiyo ndiyo nchi.

Sasa njoo kwenye 35,0000. Kati ya siki zako 19, hapa ndipo palipohitaji kitu, na hapa ndipo siki isiposaidia kabisa. Koma iko baada ya 35, sifuri ziko nne. Ni 35,000 iliyozidi sifuri, au 350,000 ambayo koma imekaa vibaya? Baina ya hizo mbili kuna shilingi 315,000. [sic] inamwambia msomaji "nimeona kuna kasoro", kisha inanyamaza na kumwacha hapo. Katibu, kikoba chenu bila shaka kina sanduku la kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Hela mnazilinda hivyo, halafu tarakimu ya mwanachama mnaiachia neno moja la Kilatini? Hapa ulitakiwa ufungue daftari la marejesho, umuulize mweka hazina (akishamaliza kushika mbavu), umuulize na mwenyewe, kisha uandike ndani ya mabano mraba kiasi chenyewe na umekitoa wapi. Kwa mfano: 35,0000 [daftari la marejesho: 350,000]. Hiyo ni kazi ya mabano. Na kama daftari linasema kingine na yeye anasema kingine, andika vyote viwili, maana huo si tena mjadala wa tahajia.

Na sasa lile jambo. Samani.

Wewe uliisoma "samani" ukaona th imeangushwa, ukaweka [sic], maana yake kwako ni "thamani". Kamati ikaifuata alama yako, ikajibu kuhusu thamani ya hisa. Soma tena sentensi yake pole pole, uondoe mabano yako: "Naomba kikundi kinirudishie samani yangu yote maana mlichukua bila kunisikiliza." Mlichukua nini kwake mwezi wa sita? Umeniambia mwenyewe, juu kidogo ya hapo: makochi na kabati la vyombo. Samani, katibu. Fanicha. Neno liko kwenye kamusi, tahajia yake haina kasoro, na pengine ndilo neno alilolipigia mstari moyoni alipokuwa anaandika. Hisa hakuna aliyezichukua. Hisa ziko sandukuni kwenu.

Siwezi kuapa. Mtu anayeandika "ata" na "azina" anaweza kweli kuandika samani akimaanisha thamani, watu wengi th inawateleza ikawa s. Ndiyo maana neno hili lina hatari kuliko yote kwenye ukurasa ule: maana zote mbili zinakaa. Lakini ulikuwa na maana mbili mbele yako, ukachagua moja, ukaipiga muhuri wa kosa, na kamati ikajibu swali ambalo huenda hakuuliza. Kisha mama anakaa kikaoni anasikia barua yake inasomwa kwa vicheko, na jibu lake linahusu kitu kingine. Mimi vitumbua ningekunyima mpaka sikukuu.

Hili ndilo linalonifanya niogope alama hii mikononi mwa watu wenye haraka. Ukiweka [sic] unatangaza mambo mawili: kwamba hapa pana kosa, na kwamba wewe unalijua lililo sahihi. La pili hilo watu hulisahau. Ukimnukuu marehemu, au barua ya miaka 60 iliyopita, huna wa kumuuliza, unabahatisha na kuweka alama. Huyu unayemnukuu wewe yuko hai na anapokea wageni kila asubuhi.

Siwaambii watu waitupe. Tangazo la zabuni likisema mwisho wa kuleta maombi ni "31 Juni", ukilinukuu lazima uweke [sic], kwa kuwa Juni ina siku 30 na msomaji atadhani wewe ndiye uliyevuruga tarehe, tena anaweza kupoteza zabuni. Mkataba wenye jina la mtu lililokosewa, vilevile. Huko pana mvua, fungua mwavuli. Lakini wapo pia wanaoitumia kama kibao cha mgongoni: kwenye malumbano ya magazetini utamkuta mtu anamnukuu mpinzani wake na kumwagia [sic] nne kwa aya moja, hoja yenyewe haijajibiwa. Binti wa kidato cha tatu alipoisoma ya kwako, aliisoma kwa jicho hilo. Hakukosea sana.

Zile jumbe za sauti: usithubutu. Alama hii ni ya maandishi. Mtu akitamka "malejesho", herufi l umeiandika wewe, yeye katoa sauti tu; kwenye sauti hakuna tahajia ya kukosea. Ukiandika alichosema, andika "marejesho" kama unavyowaandikia wanachama wengine wote, ambao najua nao hawatamki r zao zote. Mwenyekiti wenu akisema "apana", huwa unaandika nini kwenye muhtasari?

Na kwa kweli mambo mengi ya muhtasari hayahitaji kauli halisi. Unakumbuka shuleni, kauli halisi na kauli taarifa? Muhtasari ni kazi ya kauli taarifa: "Mwanachama alieleza kwamba amekwisharejesha kiasi kadhaa, na aliomba arudishiwe..." Ukiandika hivyo tahajia inakuwa yako, na inakulazimisha uelewe alichosema kabla hujakiandika. Barua nzima unaiambatisha nyuma, nakala ya ule ukurasa wa daftari, mwandiko wake mwenyewe. Fotokopi haiweki mabano.

Unauliza uombe radhi ya kosa gani. La samani kwanza, kama ni samani. La kicheko la pili, ingawa hukuwepo, kwa kuwa karatasi ni yako. Siki zenyewe zitajifuta.

Bahati ni kwamba kwa mnavyoendesha vikao, muhtasari ule bado haujathibitishwa. Alisimama kabla haujaisha kusomwa. Kwa hiyo Jumamosi ijayo, penye kuthibitisha, toa nakala mpya, na penye yatokanayo iingie barua yake upya, kamati imjibu upya. Lakini kabla ya Jumamosi nenda kwake na ukurasa wake halisi, si ule uliochapa, ukiwa na sentensi hii umeshaiandika: "Barua imenakiliwa kama ilivyoandikwa. Mwanachama amefafanua kwamba kiasi alichorejesha ni sh. ......, na kwamba kwa neno samani anamaanisha ......" Nafasi hizo mbili ajaze yeye, kwa kalamu yake. Na uende alfajiri, wakati beseni bado limejaa, asipate pa kusema vimekwisha.